Pakanga Kwenye Glasi: Je, Ilikuwa Sawa Kuondoa Marufuku ya Absinthi?



Vijana wenzangu, somo letu la leo linaanzia mbali kidogo, Uswisi na Ufaransa, lakini mkivumilia mtaona linaishia mlangoni kwetu. Kuna pombe kali inaitwa absinthi. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 1910 na kuiruhusu tena tarehe 1 Machi 2005. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1915, na sheria ile ikafutwa mwaka 2011. Marekani nayo iliizuia mwaka 1912 na kuifungulia mlango mwaka 2007. Yaani karibu miaka mia moja watu waliikimbia kama ukoma, kisha nchi moja baada ya nyingine zikasema: basi, iuzwe.

Swali ni hili: je, walifanya vizuri kuiondoa marufuku? Na sisi Wakatoliki tutumie vigezo gani kujibu? Kijana mmoja wa kikundi chetu aliniambia, "Frateri, si pombe tu? Pombe ni mbaya, ifungwe, tumalize." Wengi tunafikiri hivyo. Mt. Thoma wa Akwino hakufikiri hivyo, na nataka tuone kwa nini.

Absinthi ni kitu gani?

Jina lenyewe limo kwenye Biblia. Katika Ufunuo 8:10-11 nyota kubwa inaanguka kutoka mbinguni, theluthi ya maji inakuwa chungu, na watu wanakufa. Kwa Kigiriki nyota ile inaitwa Apsinthos. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili zamani wakaiita Pakanga. Pakanga ni mmea mchungu sana, na Mithali 5:4 inautumia kueleza mwisho wa raha za dhambi: mwanzoni tamu, mwishoni pakanga.

Mmea huo ulikuwa dawa kabla haujawa pombe. Watu waliutumia kwa minyoo na kwa tumbo. Ndugu yake mmoja wa ukoo uleule wa Artemisia ndiye anayetoa artemisinini, ambayo ni msingi wa dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati. Kwa hiyo tusianze kwa kuulaani mmea. Mungu aliviumba vitu vyote, akaona ni vyema.

Mwishoni mwa karne ya 18, katika bonde la Val-de-Travers huko Uswisi, watu walianza kuchanganya pakanga, anisi na shamari pamoja na pombe, wakaipika kwenye mtambo na kukusanya mvuke wake. Kikapatikana kinywaji cha kijani, kikali sana. Chupa nyingi zilikuwa na kilevi cha kati ya asilimia 50 na zaidi ya 70. Kiwanda kilifunguliwa Couvet, na mwaka 1805 kingine kikafunguliwa Pontarlier, upande wa Ufaransa. Miaka ya 1840 askari wa Kifaransa waliokuwa Algeria walipewa absinthi kama kinga ya homa. Wakarudi nyumbani na mazoea yao.

Kisha mdudu mdogo sana, filoksera, akashambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Divai ikaadimika, bei ikapanda. Absinthi ikawa rahisi kuliko divai, hata kibarua akaweza kuinunua. Wajanja wakatengeneza ya bei ya chini zaidi, na wengine wakatia chumvi za shaba ili tu ipate ile rangi ya kijani. Mwaka 1910 Wafaransa walikunywa karibu lita milioni 36 za absinthi. Hiyo haikuwa starehe ya wachache tena, lilikuwa janga la nyumba nyingi.

Mauaji ya Commugny

Tarehe 28 Agosti 1905, katika kijiji cha Commugny, Uswisi, kibarua mmoja aitwaye Jean Lanfray alirudi nyumbani amelewa. Akagombana na mkewe, akachukua bunduki, akamuua. Mkewe alikuwa mjamzito. Kisha akawaua binti zake wawili wadogo. Akajaribu kujiua, akashindwa. Alihukumiwa mwaka uliofuata, na muda mfupi baadaye akajinyonga gerezani.

Uswisi nzima ilitetemeka. Watu wakauliza: alikunywa nini? Jibu likawa: absinthi. Maelfu kwa maelfu wakatia sahihi kuomba ipigwe marufuku. Tarehe 5 Julai 1908 wananchi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 63 wakakubali marufuku iingie hata kwenye katiba. Ilianza kutumika tarehe 7 Oktoba 1910.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ile Lanfray alikunywa glasi mbili za absinthi, asubuhi. Baada ya hapo alikunywa divai siku nzima, tena nyingi, na brandi juu yake. Alikuwa mtu wa kunywa lita kadhaa za divai kila siku. Lakini hakuna aliyeomba divai ipigwe marufuku. Wenye mashamba ya mizabibu, ambao walikuwa wakipoteza wateja, wakajikuta kambi moja na wapinga ulevi, wote wakinyoosha kidole kwa ile chupa ya kijani.

Na sayansi? Daktari maarufu wa Paris, Valentin Magnan, aliwapa wanyama mafuta halisi ya pakanga, wakapatwa na kifafa. Akaona absinthi inaleta wazimu wa aina yake, tofauti na ulevi wa kawaida. Lakini mafuta halisi si sawa na kinywaji chenye chembe ndogo tu ya mafuta hayo. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa chupa 13 za kabla ya marufuku. Ile sumu ya pakanga, thujoni, ilikuwa wastani wa miligramu 25 hivi kwa lita. Kikomo cha Ulaya leo ni 35. Kilichokuwa kinawaharibu watu zaidi ya chochote ni kilevi chenyewe, kilekile kilichomo kwenye divai, bia, na gongo.

Tujibu kwa njia ya Mt. Thoma

Mt. Thoma ana utaratibu mzuri wa kujadili. Kwanza anasikiliza hoja za upande asioukubali, tena anaziweka kwa nguvu zake zote. Kisha anataja neno la kupinga, anatoa jibu lake, na mwisho anarudi kujibu hoja moja moja. Tujaribu.

Swali: Je, marufuku ya absinthi ilistahili kuondolewa?

Inaonekana haikustahili. Hoja ya kwanza: sheria ipo kwa ajili ya manufaa ya wote, na Katekisimu namba 2211 inasema jumuiya ya kisiasa ina wajibu wa kulilinda familia dhidi ya hatari kama dawa za kulevya na ulevi. Absinthi iliharibu familia. Basi ibaki imefungwa.

Hoja ya pili: sheria ni mwalimu. Ukiondoa katazo, wanyonge watasikia kwamba serikali imebariki. Kijana ambaye alikuwa anaogopa, sasa ataonja.

Hoja ya tatu: Mt. Paulo katika Warumi 14:21 anafundisha kwamba ni vizuri kuacha nyama au divai ikiwa inamkwaza ndugu. Kama mtu mmoja aweza kujinyima kwa ajili ya ndugu yake, kwa nini taifa lisijinyime?

Lakini kinyume chake, Bwana wetu katika Mathayo 15:11 anafundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi si kile kinachoingia kinywani. Na huko Kana, Yohane 2, aligeuza maji kuwa divai, wala hakuwapa arusi nzima hotuba.

Nasema hivi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya pili, swali la 96, kifungu cha 2, Mt. Thoma anauliza kama sheria ya binadamu inapaswa kuzuia maovu yote. Anajibu hapana. Sheria inatungwa kwa ajili ya umati, na wengi katika umati bado hawajakamilika katika fadhila. Basi sheria ya nchi izuie yale maovu makubwa zaidi, hasa yanayowadhuru wengine, ambayo yasipozuiwa jamii haiwezi kusimama, kama mauaji na wizi. Ukiwabebesha watu dhaifu mzigo wasioweza, wataipasua sheria na kuangukia mabaya zaidi. Anakumbusha Mithali 30:33: ukipenga pua kwa nguvu kupita kiasi, unatoa damu.

Je, tunaweza kusema ulevi hauwadhuru wengine? Hatuwezi. Mke na watoto wa Lanfray wako kaburini. Kwa hiyo serikali inayo haki ya kuingilia pombe: kuweka umri, saa za kuuza, kodi, viwango vya usalama, adhabu kwa anayeendesha amelewa, na hata kupiga marufuku kinywaji fulani. Hapa sibishani na hoja ya kwanza. Tatizo ni jingine. Sheria, kwa Mt. Thoma (swali la 90), ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Agizo la akili, yaani liwe na sababu ya kweli. Marufuku ya absinthi ilisimama juu ya sababu mbili: kwamba pakanga iliyomo humo inaleta wazimu wa pekee, na kwamba ukiondoa absinthi utakuwa umeondoa ulevi. Sababu ya kwanza haikuthibitika. Ya pili ilikanushwa na maisha: watu walihamia divai, brandi, na vinywaji vya anisi visivyo na pakanga. Nyumba zilizokuwa zinalia ziliendelea kulia.

Na kule Val-de-Travers? Waliendelea kuipika kwa siri, miaka tisini na zaidi. Waliacha kuitia rangi ya kijani, ikawa nyeupe kama maji ili isitambulike. Watoto wakakua wakijua kuna sheria ambayo wazazi wao wanaivunja jikoni. Hilo nalo ni dhara. Mt. Thoma katika swali la 97 anatuonya tusibadilishe sheria ovyo, kwa sababu mazoea yanaisaidia sheria kutiiwa. Ukibadilisha kila mara, watu wanaacha kuiheshimu. Ibadilishwe tu pale ambapo faida ni kubwa na ya wazi, au sheria iliyopo ina udhalimu ulio wazi, au kuishika kunaleta madhara. Lakini sheria ambayo bonde zima linaicheka imekwisha kupoteza msaada huo wa mazoea, na katazo linalomfunga mpika absinthi huku muuza divai akiachwa halina usawa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo: ilistahili kuondolewa, na njia waliyoichagua ilikuwa nzuri. Hawakusema "kila mtu afanye apendavyo." Waliweka kikomo cha thujoni, wakaileta pombe ile kwenye ukaguzi, ikaanza kulipa kodi na kufuata sheria za pombe nyingine.

Tujibu hoja. Kwa ile ya kwanza: wajibu wa kulinda familia upo, ila unatimizwa kwa kuzuia kinachoumiza kweli, si kwa kutafuta wa kubebeshwa lawama. Kwa ile ya pili: ni kweli sheria inafundisha, na hii ndiyo hoja inayonisumbua kuliko zote. Lakini sheria inayosema uongo kuhusu chanzo cha ubaya inafundisha vibaya pia. Inamfundisha mnywaji wa divai kwamba yeye yuko salama. Kwa ile ya tatu: Mt. Paulo anazungumza juu ya upendo, na upendo haulazimishwi na polisi. Nikiacha glasi yangu kwa ajili ya ndugu yangu, nimetoa sadaka. Nikinyang'anywa, sijatoa kitu.

Je, hii inamaanisha gongo nayo iruhusiwe?

Najua mmeshafika huko. Mimi nimekulia kijijini ambako gongo imekatazwa tangu kabla sijazaliwa, na sikumbuki mwaka hata mmoja ambao haikupatikana. Namjua mama aliyesomesha watoto kwa mtambo. Nawajua pia watoto waliokosa ada kwa sababu baba aliimaliza kwa mama huyo. Wote wawili wanakaa jumuiya moja, wanasali rozari pamoja.

Kenya mwaka 2010 walitunga sheria mpya ya pombe iliyoruhusu chang'aa, kwa masharti ya ubora na vifungashio. Waliamini ikitoka gizani itakuwa salama. Lakini vifo vya pombe yenye sumu havikuisha, kwa sababu kuruhusu kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kukagua ni kingine. Tanzania ilichukua njia nyingine kwa viroba: vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hapo hoja haikuwa kwamba kilichomo ndani ni tofauti na cha kwenye chupa. Hoja ilikuwa kifuko kidogo, cha bei ndogo, kinachoingia mfukoni mwa mwanafunzi na dereva. Hiyo ni sababu ya kweli, inayoonekana, na mtu anaweza kuipima kwa akili.

Kwa hiyo, ndugu, absinthi haitupi jibu la gongo. Gongo isiyokaguliwa yaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha na kuua kweli, si kwa uvumi. Absinthi inatupa maswali ya kuuliza kabla hatujapiga kelele "ifungwe" au "ifunguliwe": Ubaya hasa uko wapi? Sheria hii inaugusa ubaya huo, au inagusa kitu kilichokaa jirani nao? Nani anabeba mzigo wake, na nani ameachwa? Na je, tuna watu na vifaa vya kuitekeleza?

Sheria yako wewe mwenyewe

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, kwa sababu tukimaliza kuihukumu Uswisi tunabaki sisi. Kitu kikiruhusiwa na serikali hakijawa chema kwako. Mt. Thoma, anapouliza kama kunywa divai ni haramu (sehemu ya pili ya pili, swali la 149, kifungu cha 3), anasema hakuna chakula au kinywaji kilicho haramu chenyewe. Lakini kinaweza kuwa haramu kwa mtu fulani kwa sababu fulani: kwa sababu mwili wake unadhurika upesi, au ameweka nadhiri, au anapita kiasi, au anawakwaza wengine. Na katika swali linalofuata anasema wazi kwamba anayejilewesha kwa kujua na kwa kupenda, akajinyima akili yake, anatenda dhambi ya mauti. Katekisimu namba 2290 inaongeza kwamba anayelewa na kuhatarisha usalama wake na wa wengine barabarani ana hatia kubwa. Bodaboda mmesikia?

Kwa hiyo kwa mmoja wetu glasi moja arusini ni shukrani. Kwa mwingine glasi hiyohiyo ni pakanga. Huyo wa pili hahitaji Bunge. Anahitaji marufuku yake mwenyewe, aliyojiwekea mbele ya Mungu, na marafiki wanaoiheshimu bila kumcheka.

Mtazameni Mtumishi wa Mungu Mheshimiwa Matt Talbot, kibarua wa Dublin, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka kama 12. Mshahara wote uliishia kilabuni. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliahidi kuacha kwa miezi mitatu tu. Baa za Dublin zilikuwa wazi pande zote, hakuna sheria iliyomfungia hata moja. Alikwenda Misa kila asubuhi. Miezi mitatu ikawa maisha yote, hadi alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Serikali yaweza kukufungia kilabu, na pengine inapaswa. Fadhila ya kiasi haiwezi kukupa. Hiyo unaipata kwa neema, kwa mazoezi, na kwa sakramenti ya Kitubio, siku moja moja.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Katika familia au mtaa wako, ni kitu gani kinabebeshwa lawama ambayo kwa kweli ni ya kitu kingine?
2. Soma Yoshua bin Sira 31:25-31. Anatofautishaje kunywa kwa kiasi na kulewa?
3. Je, kuna rafiki ambaye unamrahisishia kuanguka kila mnapokutana? Utabadilisha nini wiki hii?
4. Kama wewe ungekuwa diwani, ungependekeza nini kuhusu pombe kwenye kata yako? Toa sababu, siyo hasira tu.

Tusali

Ee Bwana Yesu, msalabani ulionja uchungu kwa ajili yetu. Wahurumie walionaswa na kilevi, na watoto wanaowasubiri usiku. Wape watunga sheria wetu akili ya kuona ubaya ulipo kweli. Nasi utupe fadhila ya kiasi, na moyo wa kumwachia ndugu yetu glasi yetu. Amina.

Mheshimiwa Matt Talbot, tunaomba mfano wako utusaidie. Jumapili njema, tukutane Misa ya kwanza.